Sahani Iliyofunikwa

Nyumbani,
mezani, chumba cha mbele.
Jumapili mchana, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba Mdogo na binti yenu, ambaye mpaka leo namjua kwa picha na kwa sauti ya simu tu. Kifua chako kimepona? Ulisema baridi ya huko inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama anasema uvae soksi hata kitandani, na ujue hiyo ni amri, siyo ushauri.

Sisi huku hatujambo. Baba yuko safarini na lori lake. Magoti ya Bibi yanagoma asubuhi lakini jua likipanda yanakubali kukunjika. Mimi naendelea na masomo na bado ni yule yule: nikiulizwa swali darasani jibu nalijua, ila mdomo haufunguki.

Barua yako ilifika. Mama aliisoma akiwa kwenye cherehani, akaikunja, akanipa. "Profesa," akasema, "mjibu mama yako mdogo. Mimi nikianza nitalowesha karatasi." Kwa hiyo nakujibu mimi, na nakuomba univumilie nikirefusha.

Umeuliza kama Bibi amekukasirikia. Unasema tangu siku ile alipomuuliza binti yako kwenye simu, "Umekula, mjukuu wangu?" na mtoto akajibu, "Nimeshiba, Bibi," hajataka tena kuongea nanyi. Unasema umemgombeza mtoto na kumfundisha kwamba kwa Bibi neno hilo halisemwi, kwa sababu kusema umeshiba ni kumkatalia aliyepika.

Tafadhali usimgombeze tena. Hakukosa adabu. Sisi sote tulidhani ni suala la adabu, hata Mama alidhani hivyo. Mimi nimejua ukweli mwezi huu, na tangu niujue sili vizuri. Natafuna huku nimetega sikio.

Lakini hutanielewa nisipoanza na habari za Mto.

Ulipoondoka mdogo wangu alikuwa mchanga, laini kama mto wa kulalia, ndipo jina likamkaa. Sasa yuko darasa la pili. Ana maneno mengi kuliko sisi wote tukijumlishwa, na Bibi bado anamwita "mke mwenzangu" na kumtuhumu kwamba ananiiba mimi, mume wake. Ila Mto amenenepa, Mama Mdogo. Sisemi unene ule wa watoto ambao watu wanaubana mashavuni na kucheka. Akipanda ngazi za shuleni anasimama katikati, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Mama aliliona kwanza kwa macho ya fundi. Gauni la shule la Mto alilishona mwenyewe na kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, kama anavyowafanyia watoto wa wateja. Akaachia mshono kidogo. Akaachia tena. Mwishoni akaligeuza gauni, akapitisha kidole ndani, akakuta hakuna kilichobaki cha kuachia. Wiki hiyo hiyo gauni lilipasuka ubavuni, wakiwa mstarini asubuhi, na watoto wakaanza kumwita Tenki. Mto alirudi nyumbani amejifunga sweta kiunoni. Aliniambia, "Kaka, nimewaambia tenki likipasuka wote watalowa." Alicheka. Halafu akaenda kulala bila kuvua sweta.

Mama alitupeleka kliniki. Mimi nilikwenda kwa sababu Mto alikataa kupimwa bila mimi. Nesi aliyetupokea naye alikuwa mnene. Mto akamtazama, akamuuliza, "Na wewe huwa unapimwa?"

"Napimwa, mwanangu, na mzani unalalamika," nesi akajibu, na wote wawili wakacheka kama marafiki wa siku nyingi.

Kisha akaanza kumuuliza maswali, polepole, kama mtu anayezungumza tu. "Ukiwa unakula, unaacha saa ngapi?"

"Sahani ikiisha."

"Na isipoisha?"

"Lazima iishe."

"Sasa ukishiba unajuaje?"

Mto akanigeukia mimi, kama mtu aliyeulizwa swali la darasa lisilo lake. Mimi nikamwangalia Mama. Mama akaangalia mkoba wake. Mwishowe Mto akajibu, "Bibi akichukua sahani."

Nesi akaacha kucheka. Alimwambia Mama kwamba huyu siyo mtoto wa kufungishwa wala kunyimwa, maana bado anakua. Tumpakulie kidogo kwenye sahani ndogo, tupunguze soda na sukari, na akitaka kuongeza aongezwe, ila akitaka kuacha aachwe. "Mtoto anazaliwa anajua kushiba," alisema. "Mtoto mchanga akishiba anaachia ziwa mwenyewe. Huyu nyinyi mmemsahaulisha. Mpeni nafasi akumbuke."

Njiani nadhani Mama alikuwa anafikiri nilichokuwa nafikiri mimi, kwamba katika nyumba yetu hakuna mtu aliyewahi kuachwa aache. Wewe unakumbuka. Bibi anapakua upawa wa kwanza, unakula. Ukipunguza mwendo anakuja kusimama nyuma ya kiti chako. Unamsikia anavyopumua. Basi unamaliza, na tonge la mwisho unalimeza hata kama limekuwa jiwe, ndipo mkono wake unapita begani kwako na kuchukua sahani. Mimi nilifikiri bibi wote duniani wanasimama hivyo.

Mama akaanza utaratibu wa nesi. Kwa kuwa yeye bila kipimo hawezi kufanya kazi, alikuwa anajaza wali kwenye kikombe cha chai, anaupindua juu ya kisahani, unasimama kama kofia. Mto akasema, "Mama, leo umenishonea wali." Tulicheka sote isipokuwa Bibi. Alikuwa mlangoni na upawa mkononi, anakitazama kile kisahani kama mtu anayetazama kitu alichokizika mwenyewe na sasa amekikuta juu ya meza.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Ila kila Mama aliporudi mchana kwenye duka lake la ushonaji, Bibi alimwita Mto jikoni. Mkate uliolowekwa kwenye maziwa, ndizi iliyopondwa, ukoko wa chungu. "Kula, mke mwenzangu. Usiwasikilize hawa. Kula upesi." Mto alikula, kwa sababu anampenda Bibi, na kwa sababu hajui kukataa. Mezani alikula kidogo ili Mama afurahi, jikoni alikula sana ili Bibi afurahi. Siku moja alitapika darasani. Mwalimu alimtuma mtoto aje kuniita nikamchukue.

Tulikuwa tunatembea kurudi nyumbani, amenishika mkono, mkono wa baridi. Akaniuliza, "Kaka, hivi sasa mimi nina njaa au sina?"

Nilisimama pale barabarani, Mama Mdogo. Mimi nasoma sana, hilo unalijua, lakini sijawahi kuulizwa swali lililonitisha vile. Alikuwa ananiuliza kwa dhati. Alitaka nimwambie tumbo lake linasema nini.

Jioni Mama alimkabili Bibi. Neno lilimtoka, najua hakulipanga. "Mama, unaniulia mtoto."

Bibi akaweka upawa mezani, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Mimi?" akasema. "Mimi ndiye ninayeua?" Akaenda chumbani kwake. Tangu siku hiyo hakupakua tena. Alikaa pembeni wakati wa kula na kumtazama Mto, na Mto alikula ameinamisha kichwa. Simu yako ilikuja siku chache baadaye, katikati ya hali hiyo. Binti yako akasema lile neno. Bibi aliishika simu sikioni muda mrefu baada ya nyinyi kukata.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Mchana mmoja nilirudi mapema. Nyumba ilikuwa kimya, Mto yuko shule, Mama dukani. Nikasikia Bibi anaongea jikoni, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti nyembamba ya mtoto anayembembeleza mtoto mwenzake. "Kidogo tu. Mdogo wangu, kidogo tu, hiki cha mwisho." Nikadhani Mto amerudi. Nilipoingia, Bibi alikuwa peke yake mbele ya meza. Palikuwa na bakuli lililofunikwa kwa sahani, na mkono wake uko juu ya ile sahani.

Nilitaka kurudi nyuma, ila alishaniona. "Kaa, mume wangu," akasema. "Nisaidie kuchambua haya maharage. Na uniambie, hivyo vitabu vyako vimeandika nini kuhusu kushiba?"

Nikamweleza nilichosoma kwenye kitabu cha baiolojia, jinsi tumbo likijaa linavyopeleka habari kwenye ubongo, na habari inavyochelewa njiani, ndiyo maana ni vizuri kula polepole. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyowasikiliza wageni.

"Na mtu akisema ameshiba," akauliza, "na hajala kitu?"

Kitabu changu hakina jibu la hilo. Nikamwambia sijui. Ndipo akanieleza, macho yake yako kwenye maharage, vidole vinatoa mawe.

Wewe unajua Bibi aliwahi kuwa na mdogo wake wa kike aliyefariki utotoni. Mama naye anajua hilo tu. Hakuna picha yake, hakuna nguo yake. Ulikuwa mwaka ambao mvua zilikataa, halafu zikakataa tena. Bibi alikuwa na umri kama wa Mto sasa, na mdogo wake alikuwa anabebwa na Bibi mgongoni. Anasema alikuwa mwepesi mpaka mtu unasahau kwamba umembeba. Mtoto yule alikuwa analia njaa usiku na mchana, kila mtu nyumbani alikizoea kile kilio. Kisha siku moja baba yao akarudi na unga. Mama yao akapika uji, akampa yule mdogo kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Mtoto alinusa kijiko, akageuza uso. Akasema, "Nimeshiba, dada."

"Tulifurahi," Bibi akaniambia. "Unasikia, mume wangu? Tulifurahi. Mama yangu alipiga vigelegele. Mtoto ameshiba! Amenyamaza! Tukafunika bakuli lake, tukasema akiamka atamalizia. Sisi tukala wa kwetu."

Hakuamka kumalizia.

Bibi alisukuma mawe pembeni, akakusanya maharage kwenye ungo. Siku iliyofuata nilijikaza nikapita kliniki, nikamuuliza yule nesi. Aliniambia mwili ukikaa na njaa kupita kiasi unafika mahali hautaki tena chakula, na kwamba halikuwa kosa la mtu yeyote wa nyumba ile. Nilikimbia kurudi nikampelekea Bibi habari hiyo kama zawadi. Alinishika shavu. "Ahsante," akasema. "Lakini hilo sikuliuliza."

Kwa hiyo sasa unaelewa. Aliposimama nyuma ya kiti chako ulipokuwa mdogo, hakuwa analinda chakula. Alikuwa anakusikiliza usije ukasema umeshiba. Wewe, Mama, mimi, Mto, sote tumekula tonge la mwisho la mtoto ambaye hatukumjua. Nikikaa mezani siku hizi naona kama yupo, ameketi upande wa mlango wa jikoni, hagusi kitu, amegeuza uso. Sisemi nimeona mzuka. Nasema tu kwamba kile kiti sikikalii.

Nilimweleza Mama. Alizima cherehani, akakaa na kitambaa cha mteja mapajani mpaka mteja akaja kukichukua. Halafu akaenda chumbani kwa Bibi. Waliyozungumza siyajui, na mlango ulikuwa umefungwa, ila walipotoka Mama alikuwa ameshika upawa, akampa Bibi mkononi. "Pakua wewe, Mama," akasema. "Ila utumie kisahani. Tafadhali."

Jana ilikuwa Jumamosi, tulikuwa wote nyumbani. Wali, maharage, mboga. Bibi akapakua kwenye kisahani. Mkono ulisita, ukarudi kwenye chungu, ukaacha. Akamwekea Mto mbele yake, kisha akaenda kusimama nyuma ya kiti.

Mto alikula polepole, kama nilivyomfundisha, akitua kijiko kila baada ya tonge. Alikula zaidi ya nusu. Kisha akatulia. Niliona anasikiliza kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kama mlango utabishwa tena. Uso ukamfunguka.

"Eee," akasema, mwenyewe anashangaa. "Nimeshiba."

Mama aliacha kutafuna. Mimi sikuthubutu kugeuka. Nilisikia pumzi ya Bibi inakatika.

"Umesemaje?"

"Nimeshiba, Bibi. Kweli kabisa. Shika." Mto akageuka kwenye kiti, akauchukua mkono wa Bibi, akauweka tumboni kwake. "Unasikia? Limejaa. Na joto."

Bibi alichuchumaa na magoti yake yale mabovu. Aliuacha mkono pale. Nikaona vidole vinatembea, vinapanda ubavuni, vinatafuta mifupa, haviikuti. Mto alianza kucheka kwa sababu ya kutekenywa. Bibi hakucheka. Alisema tu, kwa sauti ile nyembamba niliyoisikia jikoni, "Basi. Tutakufunikia. Utamalizia baadaye."

Akachukua sahani nyingine, akafunika. Mto akatoka mbio kwenda kucheza nje.

Mama aliosha vyombo. Bibi hakuondoka mezani. Alikaa mbele ya ile sahani, mkono juu yake. Mama akamwambia akapumzike, akatikisa kichwa. Nilikaa naye, nimefungua kitabu, sikugeuza hata ukurasa. Kila sauti ya watoto nje ilipopungua Bibi aliinua kichwa. Kuna wakati ilinyamaza kabisa, na nikaona midomo yake inatembea bila sauti. Nilitaka kutoka nje nikamwite Mto, nimwambie aje, ajifanye tu. Lakini Bibi alinishika mkono wa shati. "Usimwite," akasema. "Aje mwenyewe, au asije."

Sijui tulikaa kiasi gani. Kivuli cha dirisha kilishahama kutoka kwenye meza kwenda ukutani.

Mlango ukasukumwa, Mto akaingia, vumbi mpaka kwenye kope, anahema. Hakutuangalia hata sisi.

"Bibi, nina njaa. Kile changu kiko wapi?"

Bibi aliifunua sahani. Ile ya juu iligonga ya chini. Mto akavuta kiti, akaanza kula chakula kilichopoa, anasimulia mambo ya kuruka kamba na nani alianguka. Bibi alimtazama kila tonge. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, na Mto alipoyaona akauliza, "Bibi, na wewe una njaa?" Bibi akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Kumbe ninayo." Wakamalizia pamoja, kijiko kimoja. Je, wewe umewahi kumwona mama yako akila ameketi? Mimi ilikuwa mara ya kwanza.

Nisikudanganye kwamba mambo yamekwisha. Baada ya hapo Bibi alikiosha kile kisahani, akakirudisha mezani, akakifunika tena, kikiwa kitupu. Mpaka sasa ninapoandika kipo, upande wa mlango wa jikoni, mbele ya kile kiti. Hakuna aliyemuuliza, na hakuna aliyekiondoa. Mto anakipita kwa heshima bila kuambiwa.

Bibi amejua nakuandikia. Amekuja kusimama nyuma ya kiti changu, kama zamani, akaniambia niweke maneno yake kama yalivyo: "Mwambie yule mtoto wa kwenye simu, akishiba aseme ameshiba, sitakasirika. Ila njaa ikimrudia, asimwambie mama yake kwanza. Anipigie mimi."

Kwa hiyo nakuomba, Mama Mdogo, chakula chake kifunikwe tu, na akirudi kukidai umpe simu, hata kama huku ni saa ya watu kulala. Bibi ataipokea.

Mama anakusalimu na anakukumbusha soksi. Baba atasalimu mwenyewe akirudi. Mto anasema umlete binti yako washindane kuruka kamba, maana anajifua na sasa haanguki wa kwanza, anaanguka wa pili. Mfikishie Baba Mdogo salamu zangu, na yule mdogo wangu umbusu paji la uso kwa niaba yetu wote, pamoja na yule ambaye hatukumjua.

Mungu awalinde huko mliko, mezani penu pasipungue kitu, na kila anayeondoka mezani arudi.

Wako akupendaye, na anayesubiri simu iite,

Profesa, mwanao.